Tochi ya Nyumbakumi

Jina lake silitaji. Si kwa heshima, wala si kwa kumwogopa. Alikuwa mtu wa kupenda kusikia jina lake likisemwa. Akilisikia anageuza shingo polepole kama aliyeitwa na askofu, na mimi raha hiyo simpi. Nitamwita Nyumbakumi, kama tulivyomwita wote pale mtaani. Ndiyo kazi aliyopewa: kuangalia nyumba kumi za upande wetu wa Biryogo, nani kapata mgeni, nani kahama, nani hakutokea kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi. Nyumba zenyewe zilikuwa zaidi ya kumi, lakini ndivyo cheo kilivyoitwa.

Cheo hicho hakikuwa na ofisi wala kiti. Kilichompa ukubwa ni tochi.

Hebu nikueleze mahali penyewe. Juu kulikuwa na barabara ya maduka na mafundi cherehani, na mimi nilikuwa mmoja wao, na cherehani yangu barazani pa duka la vitambaa. Chini ndiko tulikoishi, mimi na mama na mdogo wangu Zubeda. Katikati ilikuwepo bustani ya komini, yaani ya serikali ya wilaya yetu, imelala kwenye mteremko, na njia moja tu ya ngazi za mawe ikishuka kati ya mikaratusi, pembeni yake mfereji mkubwa wa maji ya mvua, wa mawe nao. Mchana palikuwa pazuri, wallahi. Wazee wanacheza igisoro, bao la kwetu, watoto wanateleza kwenye nyasi, wasichana wanajifanya wanasoma. Lakini jua la Kigali haliagi. Ukigeuka kufunga duka, ukigeuka tena, ni giza, na kwenye bustani ile hapakuwa na taa hata moja.

Nyumba yake yeye ilikuwa juu kabisa, lango lake linatazama ngazi ya kwanza. Kila magharibi alitoka, koti la kijivu, kofia ya pama, tochi kifuani ndani ya mfuko, imefungwa kwenye leso nyeupe. Ilikuwa tochi ndefu ya chuma, ya betri tatu. Wanawake wanaotoka sokoni, mafundi, wanafunzi, wote wanasimama langoni kwake kumsubiri. Anawashusha. Anatembea nyuma yao akimulika mbele ya miguu yao, na anaimba ngazi moja moja: hii imelegea, hii ina utelezi, hapa mfereji, mama shika mtoto. Alizijua ngazi zile kuliko watoto wake.

Basi ukifika mlangoni kwako, hapo sasa ndipo mchezo. Hakuondoka mpaka useme. Ilikuwa lazima useme: "Asante, Nyumbakumi, Mungu akuzidishie mwanga." Lazima yote. Ukisema asante tu, tochi inabaki palepale inakumulika vidole vya miguu. Na mtu akichelewa kusema, yeye kwa sauti ya upole kabisa: "Sema, mwanangu, betri zinaisha." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka miaka mingi, kwa nini nidanganye.

Betri zake zilikuwa hadithi nyingine. Zikichoka hazitupi. Anazianika juu ya ukuta wa nyumba yake, zimejipanga kama vifaranga, na asubuhi ukipita unazikuta zinaota jua. Saa sita anatoka kuzigeuza upande wa pili. Siku moja mvua ilishuka ghafla yeye hayupo, na mkewe akakimbilia kwanza nguo kwenye kamba. Ugomvi wa siku ile tuliusikia mpaka chini. "Nguo ikilowa inakauka!" alikuwa anafoka. "Betri ikilowa utaiambia nini?"

Tochi hakumwazima mtu. Mama aliwahi kumwomba, usiku jirani yetu kazidiwa na homa. Akasema: "Tochi haitoki bila mimi. Mimi niko tayari, twende." Akaenda, akasimama kwa mgonjwa mpaka alfajiri, akamshika mkono, akaenda mwenyewe kutafuta gari. Ndivyo alivyokuwa. Atakupa usiku wake wote, lakini kile kifaa hakupi dakika moja. Alikuwa na msemo wake: "Giza ni la wote, mwanga una mwenyewe." Alikuwa na mwingine wa kututania sisi vijana tuliojidai tunajua njia: "Asiyepiga hodi kwangu atapiga hodi kwenye mfereji." Huo wa pili nakuomba uukumbuke.

Na Zubeda alizaliwa kwa tochi ile. Mama alishikwa na uchungu usiku wa mvua, mkunga anakaa juu, na aliyemshusha mkunga ngazi kwa ngazi ni yeye. Mama alisema alikaa nje ya dirisha, uso ameugeuza ukutani kwa adabu, mkono tu umeingia ndani na tochi, mpaka mtoto akalia. Baada ya hapo kila akimwona Zubeda anasema, "Huyu mimi ndiye niliyemwona wa kwanza," nasi tunamjibu ulikuwa umetazama ukuta, mzee, acha uongo. Nayasema haya ili usidhani nilimchukia tangu mwanzo. Nilimpenda. Ndiyo maana kisasi changu kilikuwa kikubwa.

Kitu kimoja zaidi, ambacho wengi hawakukijua: aliogopa giza. Naam, yeye mwenyewe! Akishamfikisha mtu wa mwisho huku chini anarudi peke yake, na ndipo utamsikia anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kutetemeka, harakaharaka, mistari inarukana. Karibu na nyumba yake sauti inatulia. Mama alikuwa akimsikia anatabasamu gizani, anasema maskini, amefika. Tulimtunzia siri hiyo.

Sasa taa.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili, siku ambazo vyama vilikuwa vimekuwa vingi na kila mtu amejua kusema. Konseye, yaani mkubwa wa sekta yetu, alituletea habari: komini ina nguzo na waya, inaweza kuweka taa kwenye njia ya bustani, lakini mashimo tutachimba wenyewe kwenye umuganda, na wakazi wakubaliane kwanza. Tukakutana palepale bustanini, Jumapili, baada ya watu kutoka kanisani. Ajabu yake hapakuwa na kura ya karatasi. Wanaotaka taa wasimame upande wa juu wa njia, wasiotaka wasimame upande wa chini. Kila mtu anamwona kila mtu.

Mimi nilisema. Nilisema wanawake wanafunga maduka mapema kwa ajili ya giza, wasichana wanashuka mioyo mkononi, na si haki mtu kungojea hisani ya mtu ndipo afike kwake. Sikumtaja. Lakini wote walimtazama.

Alisimama akavua kofia. "Binti yangu amesema vizuri," akasema. "Ila mimi nawauliza. Siku hizi barabarani wanauliza vitambulisho. Mtu akionekana, anaulizwa: unatoka wapi, unakwenda kwa nani. Leo mnataka kumulika njia ya watu? Kuna watu siku hizi giza ndiyo nguo yao. Mnawavua nguo?"

Wengi waliitikia kwa kichwa. Kwa sababu ilikuwa kweli. Palikuwa na vita kaskazini, na hapa mjini watu walikuwa wanatazamana vibaya, na wako waliopenda kupita bila kuonekana. Hilo simnyimi, hata leo. Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu naye, na niliona mkono wake ulivyokuwa unapapasa mfukoni, kwenye leso. Hakuwa anawalinda watu wale. Alikuwa anailinda tochi. Na watu nao, walipoambiwa wachague upande, wakawaza nani atawashusha kesho. Mmoja mmoja wakateremka kusimama naye chini. Juu tukabaki mimi, Zubeda, fundi viatu mmoja, na mwalimu wa kike aliyekuwa mgeni mtaani.

Akatutazama tuliobaki. Hakukasirika, wala hakucheka. Alivaa kofia yake tu.

Wiki ile mimi nilishikwa na malaria, nikalala. Idd ilikuwa mlangoni na oda za kanzu zimejaa. Zubeda ndiye aliyekuwa anadarizi shingo za kanzu. Kazi ile nilijaribu miaka, sikuweza hata nusu yake. Watu walitoka Nyabugogo na Remera kuja kumtafuta yeye, si mimi. Alikuwa na mkono mwepesi, sindano inapita bila yeye kuitazama huku anapiga soga. Tulikuwa tunakula kwa mkono ule, sisi watatu.

Alichelewa kidogo tu. Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa. Wenzake walishashuka. Akaenda langoni kwa Nyumbakumi na kikapu cha kanzu kichwani, akapiga hodi.

Alifungua. Tochi mkononi, imewaka. Akammulika miguu, akamtambua. Akamwambia: "Nyinyi si mnataka taa za komini? Haya, nenda kazingoje."

Akafunga lango.

Zubeda alidhani ni utani. Alisimama, akangoja, akaita tena, "Mzee, mimi Zubeda." Alisikia komeo linaingia. Basi akashuka. Na pale penye ngazi iliyolegea, ile aliyokuwa akiiimba kila siku, mguu ukateleza, akaanguka mzimamzima mferejini, juu ya mkono wa kulia, kikapu na kanzu juu yake.

Hospitali walifanya walichoweza. Mfupa ulishika, lakini vidole vitatu havikurudi. Haviwezi kufunga. Vinabaki nusu, kama mtu anayeomba maji ya kunawa. Sindano huwezi kuishika hivyo.

Nyumbakumi alikuja asubuhi yake, na sukari na mkungu wa ndizi. Mama akavipokea, maana mama yangu ni mtu wa kupokea. Yeye akakaa kwenye kigoda anasokota kofia, anasema, "Ni mapenzi ya Mungu, mama. Ajali haina kinga." Mimi nilikuwa na homa lakini niliinuka kitandani kwa hilo.

"Mungu hana lango," nikamwambia. "Lango ni lako."

Mama akaninyamazisha. Yeye akaondoka bila kuaga. Ndizi zile sikuzigusa, ziliiva zikaoza palepale jikoni, na nilifurahi kuziona zinaoza. Nikaapa. Nilimwambia Zubeda: huyu nitamlipa, nisipomlipa usiniite dada. Zubeda akasema, "Dada, vidole havirudi kwa kumlipa." Nikamwambia sitaki virudi, nataka avijue.

Mkutano wa pili niliuitisha mimi. Nilikwenda kwa Konseye mpaka akachoka na sura yangu. Na siku ile sikusema neno. Nilimleta Zubeda, mkono umefungwa kitambaa, nikamsimamisha upande wa juu, peke yake, mbele ya watu wote, nami nikakaa pembeni. Ulikuwa ukatili kwa mtoto wa watu, nilijua, na ningeufanya tena. Wa kwanza kupanda alikuwa mama mmoja muuza mihogo. Kisha mabinti. Kisha wazee wa igisoro wakabeba ubao wao wakaja nao. Nyumbakumi alibaki chini na mkewe. Halafu mkewe naye akapanda. Yule wa betri na nguo! Akapita mbele yake ameinamisha kichwa, akaja kusimama nyuma ya Zubeda.

Mashimo tulichimba Jumamosi mbili. Shimo la nguzo ya kwanza nililichimba mwenyewe, sikukubali mwanamume anisaidie. Fundi wa komini alikuwa ameliweka hatua kidogo kutoka lango lake. Nikamwambia hapo pana mwamba, sogeza. Hapakuwa na mwamba. Akasogeza. Nguzo ikasimama uso kwa uso na dirisha la chumba alicholala Nyumbakumi, na taa ilipowaka kwa mara ya kwanza, watu wanapiga vigelegele, mimi nilikuwa natazama dirisha lile tu. Alitundika blanketi. Haikusaidia, taa ile ilikuwa inapenya mpaka kwenye matundu ya blanketi.

Na huo haukuwa mwisho wa raha. Mzee huyu miaka yote alikuwa anatuhubiria kuhusu pombe. Alijitapa hajawahi kuionja tangu abatizwe mara ya pili. Basi taa zikamwonyesha, saa moja jioni, anarudi nyumbani na kidumu cha urwagwa, pombe ya ndizi, amekificha chini ya koti, na koti limevimba kama mama wa miezi minane. "Nyumbakumi, unajifungua lini?" watoto wakamwita. Mtaa mzima ulicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Baada ya hapo hakuna aliyesimama langoni kwake tena. Magharibi alikuwa anatoka vilevile, koti, kofia, leso kifuani, anasimama chini ya ile taa, na watu wanampita, habari za jioni mzee, nzuri, wanashuka. Betri aliendelea kuzianika ukutani. Za nini? Hakuna aliyemuuliza. Fundi viatu aliniambia, mwonee huruma sasa, inatosha. Nikamwambia akamwonee yeye, ana vidole vyote. Zubeda alikuwa anauza karanga wakati huo, anapima kwa mkono wa kushoto, na mimi nadarizi shingo za kanzu vibaya, na wateja wanaondoka kwa adabu.

Sasa nikufikishe kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mwanzo wa mvua kubwa, mwaka wa tisini na nne. Yaliyokuja muda mfupi baadaye kila nyumba ya Kigali ina yake ya kusimulia, na hapa si mahali pake. Nataja jioni moja tu kabla ya hayo.

Umeme siku zile ulikuwa wa kubahatisha, na betri zilikuwa zimeadimika madukani. Huku kwetu chini palikuwa na msiba, na Nyumbakumi alishuka mchana kuhani. Alikaa mpaka magharibi akijua atapanda na taa. Tochi aliiacha nyumbani. Nasikia ilikuwa imeshakufa, betri zake hata jua halikuzitaka tena. Basi watu wanaagana, na umeme ukakatika. Bustani yote ikawa kama sufuria iliyofunikwa.

Tulisikia hodi.

"Karibu," mama akasema.

"Nimepita kuwasalimu tu," akasema. Ilikuwa sauti yake. Alisimama kizingitini, hakuonekana, ila kofia tu. Miaka miwili hakuwa amekanyaga mlango ule. Tukamsalimia. Akauliza hali ya karanga, akauliza mvua. Kisha akauliza mvua tena, na hatoki.

Mimi nilikuwa na tochi. Ndogo, ya plastiki, lakini betri zake mpya. Nikaiwasha, nikammulika miguu.

"Mzee, una shida?"

"Hapana. Ni... nataka kupanda."

"Basi panda. Taa za komini si ziko?"

Mama akanikemea kwa jina langu, "Amina!" Lakini yeye alijua nimesema nini.

"Binti yangu," akasema, "naomba mnipandishe. Mimi mwenyewe siwezi." Kisha polepole zaidi: "Giza hili siliwezi. Hata zamani nilikuwa siliwezi."

Wallahi, miaka miwili niliingoja sentensi kama ile. Nikainuka. Nikamwambia Zubeda avae kandambili zake. "Mimi nitamulika nyuma," nikamwambia mzee, "ngazi zimeloa. Mshike Zubeda mkono." Zubeda akatoa wa kushoto. Nikamsukuma bega. Akanitazama, akaelewa, akatoa wa kulia.

Aliushika gizani. Mimi nilimulika mawe tu, sikumulika mikono, lakini nilijua dakika ile alipojua. Alisimama kwenye ngazi ya pili. Alikuwa anaubonyeza mkono ule taratibu, kama anayetafuta kitu kilichopotea ndani yake.

"Haufungi?" akauliza.

"Haufungi, mzee," Zubeda akasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ngazi hii imelegea, inua mguu."

Ni Zubeda sasa aliyekuwa anamwimbia. Hii ina utelezi. Hapa mfereji, sogea kwangu. Pale mahali penyewe alipoangukia, sikumwambia ni hapo, wala Zubeda hakumwambia, lakini mzee alisimama tena na hakutaka kuendelea, na ilibidi Zubeda amvute kwa vidole vile viwili vizima. Hakuimba nyimbo zake. Alikuwa analia, na mimi nilimwacha alie.

Tukafika langoni. Nguzo yangu imesimama pale, kipofu. Akauachia mkono wa Zubeda, akawa anapapasa lango. Nikabaki na tochi imewaka, nimemulika vidole vya miguu yake. Akageuka.

"Nini tena, binti yangu?"

Zubeda ndiye aliyejibu, kwa sauti ya upole kabisa:

"Sema, mzee, betri zinaisha."

Alivua kofia. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Akasema, si kwangu, kwake yeye: "Asante, Zubeda. Mungu akuzidishie mwanga." Alisema yote, hakuacha neno.

Nikazima tochi kabla hajalipata komeo.

Tukashuka, tumeshikana, bila kuiwasha tena. Nyuma yetu tulisikia mikono yake inagonga mbao za lango, inatafuta. Zubeda akasema, "Dada, wewe mbaya." Nikamwambia ndiyo. Tulipofika kwenye mfereji alikuwa bado anatafuta.